Muvi Kali Tulizoziacha Zipite

Niseme mapema kabla hujafungua ukurasa wa mapishi: sina ugomvi na Wakorea wala Waturuki. Jumong nimemlilia kama ndugu yangu wa damu, na kipindi kile Sultan alipoanza kuongea Kiswahili kwenye Azam, nyumbani kwetu chakula cha usiku kilikuwa kinapakuliwa kwa ratiba ya Istanbul. Prison Break nayo nilianza kuiangalia nikiwa chuo, sidii zikizunguka bweni zima chumba kwa chumba mpaka zikaanza kugoma. Kwa hiyo usinitie kwenye lile kundi la wanaosema ukiangalia cha nje huna uzalendo.

Hoja yangu ni nyingine, na ni ya kwangu binafsi. Kuna filamu na tamthilia za huku kwetu Afrika Mashariki ambazo ni kali kweli kweli. Zilipita mbele ya macho yetu na wengi wetu hata shingo hatukugeuza. Halafu Ijumaa usiku tunajitupa kwenye kochi, rimoti mkononi, tunaanza kulalamika kwamba hakuna kitu cha maana cha kuangalia.

Chuo kikuu nilisomea mawasiliano, na swali lililoninata kichwani mpaka leo ni hili: kwa nini ujumbe mmoja unafika na mwingine unapotelea njiani? Kila nikikutana na muvi nzuri isiyojulikana, najiuliza swali lile lile. Jibu nililolipata ni kwamba ubaya wa filamu si sababu pekee. Nyingine ilipewa jina baya kabla haijaonekana. Nyingine ilifika bila kelele. Na nyingine, hizi ndizo zinazonigusa zaidi, zilifika siku ambayo hatukuwa tayari kusikia zinachosema. Twende taratibu.

"Hiyo si ni ile ya mradi?"

Ukinishika mkono na kuniuliza tamthilia bora kuwahi kutengenezwa Tanzania, nitakujibu bila kumung'unya maneno: Siri ya Mtungi. Ilianza kurushwa mwishoni mwa 2012 na kuendelea 2013. Inamhusu Cheche Mtungi, kijana mpiga picha wa Bagamoyo, na mkewe Cheusi. Wanapendana, hilo halina ubishi. Ila vishawishi navyo havimwachi Cheche hata apumue. Pembeni yupo Mzee Kizito na wake zake, mtu ambaye ukimwona tu unamkumbuka mjomba wako mmoja hivi.

Sasa mbona haizungumzwi kama inavyostahili? Kwa sababu ilipachikwa jina. Pesa zake zilitoka kwenye msaada wa Wamarekani kwa ajili ya mambo ya afya, kwa hiyo watu wakasema, "Aa, hiyo si ni ile ya mradi, ya UKIMWI na uzazi wa mpango?" Basi, habari ikaishia hapo. Tukaichukulia kama bango la ukutani zahanati. Hatukuona kwamba sauti inasikika vizuri, kwamba Bagamoyo imepigwa picha kama mahali watu wanapoishi badala ya kadi ya watalii, na kwamba wahusika wanaongea Kiswahili cha sebuleni, siyo kile cha mtu anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi.

Na jina lenyewe limebeba methali: siri ya mtungi aijuaye kata. Kwangu mimi, tamthilia nzima iko pale. Kwenye ndoa kila mtungi una kata yake. Jirani akipita anaona rangi ya nje tu. Wakati ule ndiyo kwanza nilikuwa naanza kazi, na nilikuwa na mchumba ambaye simu yake ilikuwa inalala kifudifudi saa ishirini na nne. Sikuhitaji mshauri nasaha wala shoga wa kunipa ubuyu. Niliangalia vipindi vichache vya Cheche na Cheusi, nikajua swali la kumuuliza. Nikamuuliza. Hatukuoana, na leo hii namshukuru sana huyo Cheche wa watu.

Zilizoingia kwa kunyata

Fanya jaribio hili ofisini kesho. Waulize wenzako kumi filamu ya kwanza ambayo Tanzania iliipeleka kugombea Oscar. Mimi nimeshafanya hivyo mara nyingi, na sijawahi kupata jibu kwa haraka. Ni Maangamizi, ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Mtanzania Martin Mhando pamoja na Mmarekani Ron Mulvihill. Daktari mwanamke, Mmarekani mweusi, anakuja Tanzania kufanya kazi kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili na kukutana na Samehe, mwanamke aliyeacha kuongea. Katikati yao anasimama Maangamizi, roho ya bibi wa kale.

Nakuonya, inakwenda taratibu. Hakuna pembe tatu ya mapenzi, hakuna kofi, hakuna mtu anayeanguka kwenye bwawa la kuogelea. Nadhani ndiyo maana ilipita kimya, maana miaka iliyofuata tulianza kuzoea muvi za kelele na magari mapya. Lakini kama umewahi kuishi nyumba moja na mwanamke aliyenyamaza, awe mama yako, dada yako au mkeo, hii filamu inakujua jina. Niliiona nikiwa na miaka ishirini na kitu nikaona usingizi. Nilipoirudia nimevuka thelathini, sikunyanyuka kwenye kiti mpaka majina ya mwisho yalipokwisha.

Ya pili ni Bongoland ya 2003, kazi ya Josiah Kibira, Mtanzania aliyekuwa akiishi Minnesota kule Marekani. Juma Pondamali yuko majuu, anahangaika na makaratasi, kazi na baridi, huku nyumbani wanajua amewini. Nitakuwa mkweli: bajeti ilikuwa ndogo na inaonekana, na kuna mazungumzo yanayokwenda kama gari lenye klachi mbovu. Lakini ukweli wa mle ndani haununuliki. Kila familia ina kaka au dada huko nje ambaye simu zake zimekuwa fupi fupi. Tunamhesabia dola, yeye anahesabu masaa ya zamu. Kabla hujamtumia ujumbe wa "kaka, tumekwama na ada", itafute Bongoland.

Na hili la Lupita Nyong'o nalo linanichekesha. Machi 2014 aliponyakua Oscar kwa 12 Years a Slave, kila mtu akawa anasema katokea wapi huyu dada. Jamani, hakutokea hewani! Mwaka 2009 alikuwa pale Nairobi anacheza kama Ayira kwenye Shuga, sirizi ya vijana ya MTV, msichana mwenye akili na malengo ambaye mapenzi yake yana mahesabu marefu. Nayo ilikuwa "ya UKIMWI", kwa hiyo wengi wakaipisha. Unaona mchezo ulivyo? Tunasubiri Hollywood itugongee muhuri ndiyo tumwone binti wa jirani.

Kingine nisichoweza kukiacha ni Vuta N'kuvute. Riwaya ya Adam Shafi wengi tumeisoma shuleni, tukaikariri kwa ajili ya mtihani, tukaiacha ndani ya chumba cha mtihani. Mwaka 2021 Amil Shivji aliigeuza filamu, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto. Mwaka uliofuata ikawa filamu ya pili ya Tanzania kupelekwa kugombea Oscar. Hebu hesabu: Maangamizi 2001, Vuta N'kuvute 2022. Miaka ishirini na moja katikati!

Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, chini ya Waingereza. Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa kwa mtu asiyempenda, anaondoka, na maisha yanamkutanisha na Denge, kijana mpigania uhuru. Wengi niliowasikia wanaizungumzia kama filamu ya siasa. Mimi naiona kama filamu ya mapenzi yenye swali gumu kuliko yote: utafanyaje ukimpenda mtu ambaye kuna kitu anakipenda kukuzidi wewe? Leo siyo lazima kiwe uhuru wa nchi. Kinaweza kuwa kazi, kanisa, biashara, hata klabu ya mpira. Wenye wapenzi wa aina hiyo mnajijua. Halafu ukitoka hapo, msikilize Siti Amina, anayecheza kama Mwajuma, akiimba. Mengine utanisimulia.

Ile iliyomrudisha mama Lushoto

Hapa naomba utulivu kidogo.

Mwaka 2019 mama mkwe wangu aliletwa kwetu Dar kutoka Lushoto. Saratani. Baada ya miezi kadhaa ya matibabu, madaktari walituita na kutuambia kwa upole kwamba kilichobaki ni dawa za kupunguza maumivu. Familia ikakaa kikao. Mume wangu na ndugu zake walikuwa na msimamo mmoja: mama abaki mjini, karibu na hospitali, apumzike, asiguse kitu. Mama mwenyewe alikuwa na ombi moja tu, na alikuwa ananiambia mimi jikoni kwa sauti ya chini: "Mwanangu, mimi nataka nikaone maharage yangu."

Na mimi ni mkwe. Unajua ilivyo. Kwenye kikao cha wenye mama yao, mkwe anapika chai. Siku moja nilijaribu kugusia, shemeji mkubwa akanijibu kwa heshima zote, "Shemeji, hilo tuachie sisi." Nikawaachia.

Wakati huohuo nilikuwa nimepata nakala ya Supa Modo kwa ajili ya kazi. Ni filamu ya Kenya ya 2018, ya Likarion Wainaina, haifiki hata dakika themanini. Jo ni mtoto wa kike wa miaka tisa, mgonjwa ambaye hospitali imeshamaliza yake na kumruhusu arudi nyumbani. Anapenda filamu za mashujaa kufa. Mama yake anataka alale, apumzike, alindwe. Dada yake, Mwix, anaona mtoto anafungiwa ndani akisubiri kufa, kwa hiyo anakishawishi kijiji kizima kimfanye Jo aamini kwamba ana nguvu za ajabu. Baadaye wote wanaingia kwenye kazi moja: kutengeneza filamu ambayo Jo ndiye shujaa wake. Mwisho sikusimulii.

Niliiweka Jumamosi usiku. Mume wangu akakaa kwa sababu hakukuwa na mpira. Mwanzoni alikuwa anacheka, maana kuna jamaa wa banda la video anayetia maneno kwenye muvi za kung'fu, kikawa kinamkumbusha vibanda vya utotoni kwao, na zile kanda zilizotafsiriwa na Lufufu. Halafu ikafika ile sehemu mama na Mwix wanavutana, mmoja anamtetea mtoto aishi muda mrefu kidogo, mwingine anamtetea aishi tu. Nikamsikia kanyamaza. Filamu ilipokwisha hakusema neno. Akachukua simu, akatoka barazani, na nikamsikia anamwambia kaka yake, "Braza, mama anamaliza siku zake anaangalia ukuta wetu."

Wiki mbili baadaye tulipanda gari, tukapita Mombo tukaanza kupanda milima. Mama alikaa Lushoto miezi mitano. Nyumba ilikuwa inajaa watu kila siku, wengine wanakuja na ndizi, wengine na umbea. Maharage aliyaona yakichanua na akayaona yakivunwa. Maumivu yalikuwepo, sitakudanganya. Muuguzi wa pale jirani alikuwa anakuja na dawa, na kuna usiku tulipigiwa simu saa tisa tukadhani ndiyo mwisho. Lakini alikuwa kwake.

Sisemi filamu inatibu. Sisemi kila mgonjwa arudishwe kijijini, maana kuna ambaye kumtoa mjini ni kumuua. Ninachosema ni kwamba kulikuwa na neno ndani ya nyumba yetu ambalo mimi kwa nafasi yangu nisingeweza kulisema, na ndugu kwa mapenzi yao wasingeweza kulisikia. Filamu ya Kenya ambayo hata jirani zangu hawajawahi kuisikia ndiyo iliyolisema, kwa lugha tunayoelewa, kwenye nyumba inayofanana na yetu. Muvi ya mamilioni ya dola yenye hospitali ya vioo isingemgusa mume wangu namna ile. Angesema, "Wazungu bwana," akaenda kulala.

Tunayogombania mpaka leo

Isikuonyeshe kwamba mimi na mzee tunakubaliana kila kitu. Kuna Kati Kati, nayo ya Kenya, ya Mbithi Masya. Mwaka 2016 ilipata tuzo ya wahakiki wa kimataifa, FIPRESCI, kwenye tamasha la Toronto. Kaleche anazinduka porini hakumbuki chochote, anafika kwenye hoteli moja nzuri, na wenyeji wake wanampasulia jipu: dada, wewe umekufa, na sisi pia. Kila mmoja pale ana jambo alilolibeba kutoka duniani, na hatoki mpaka alitue.

Mimi naiweka juu kabisa. Mume wangu anasema ni muvi ya watu waliosoma sana. "Mwisho gani huu? Sasa imekuwaje?" Tumebishana kwenye gari, tumebishana sokoni. Lakini siku moja katikati ya ubishi akaniuliza, "Wewe ukifa leo, ungekwama na nini pale hotelini?" Tulikaa mpaka saa saba usiku. Miaka yote ya ndoa sijawahi kuulizwa swali kama lile, na nilichomjibu hakiingii kwenye gazeti.

Ndiyo maana nashauri wapenzi wasitafute tu muvi ambayo wote wawili wataipenda. Tafuteni na ile mtakayotofautiana. Mkimaliza Kati Kati mkiwa mnapendana, mmepona.

Siyo kila iliyosahaulika ni dhahabu

Tuwe wakweli, maana kuna wenzangu ukiwatajia filamu isiyojulikana wanapiga magoti. Kuna kazi nyingi za kwetu zimesahaulika kwa haki. Zamani zile za sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, hadithi ya dakika arobaini ilikuwa inavutwa kama ulimbo ili iuzwe mara mbili. Sauti ya jenereta ilikuwa na nafasi kubwa kuliko mhusika mkuu. Mtazamaji aliyechoka na hayo hana kosa. Pesa ni yake na usiku ni wake.

Tatizo ni kwamba hasira hiyo tunaimalizia hata kwa wasiohusika. Mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi tukiona tu jina la Kiswahili kwenye kasha, tunaruka. Matokeo yake aliyetumia miaka kutengeneza kitu kizuri anapata watazamaji wale wale wa tamasha, na mwaka unaofuata anaamua kutengeneza matangazo ya sabuni. Ukimya wetu ndiyo unaomfukuza kazini. Nakala nayo inabaki kwenye diski moja, kwenye kabati moja, na siku kabati likiliwa na mchwa habari imekwisha.

Jaribuni hivi

Mwezi huu chagueni usiku mmoja. Simu ziende chumbani, zilale huko. Bisi ziwepo, au karanga, au hata mihogo ya kukaanga, siyo lazima mambo yawe ya gharama. Mmoja achague muvi moja ya huku kwetu ambayo hamjawahi kuiona, mwenzake asiruhusiwe kupinga. Mwezi ujao mnabadilishana zamu. Lipieni, au ingieni ukumbini, maana nakala ya wizi ndiyo iliyotufikisha hapa. Mpeni dakika ishirini kabla ya kunyanyua rimoti. Na ikiisha, msiwashe taa haraka. Kila mmoja aseme mhusika gani amemfanana.

Kama huna pa kuanzia, anza na Supa Modo. Mkipata mzuka, endeleeni na Vuta N'kuvute. Kati Kati muiache mpaka mtakapokuwa na usiku mrefu na hakuna anayewahi kazini.

Na kama unayo yako, ile unayoisimulia kila harusi na hakuna anayekuelewa, niandikie. Nitaiangalia na mume wangu, na mwezi ujao nitakwambia nani kati yetu alisinzia.